Kujibu Usilolijua

Kila mwaka katika nchi ya Marekani vijana wengi sana hufanya mtihani uitwao SAT, ambao vyuo vikuu vingi huutazama wakati wa kuchagua wanafunzi wapya. Vyuo vingi viliacha kuudai mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Baadhi yavyo vimeurudisha, kama MIT ilivyofanya mwaka 2022. Hufanywa na vijana wa nchi nyingine pia, nao wamo wa kwetu Afrika ya Mashariki wanaotaka kwenda kusoma huko, na kwa hiyo twaona si kazi bure kuufikiri mtihani huu katika kurasa hizi.

Alama zake huanza kwa 400 na kukoma kwa 1600. Siku zinapotolewa, mmoja hupiga kelele za furaha, mwingine hujifungia chumbani, na wa tatu huwa amekwisha kujiandikisha kwa mara ya pili kabla ya jua kuchwa. Hiyo ni desturi ya mitihani yote, wala hatutaisemea mengi. Lakini liko neno moja lisemwalo kwa kicheko, nalo ndilo lililotushika: "Maswali ya mwisho sikuyasoma hata kidogo, nilichagua tu majibu, na tazama alama nilizopata!" Wenziwe hucheka pamoja naye. Swali letu ni hili: Je, kijana huyu amesema uwongo katika karatasi yake, au hakusema?

Kwanza yafaa tueleze sheria ya mtihani wenyewe. Hata mwanzo wa mwaka 2016 maswali mengi ya SAT yalikuwa na majibu matano ya kuchagua. Aliyepata alipewa alama moja, aliyeacha wazi hakupewa kitu, na aliyekosa alipunguziwa robo ya alama. Haikuwa adhabu ya ukali, bali ya hesabu. Mtu akibahatisha maswali 20 kama kipofu, kwa wastani atapata 4 na kukosa 16; na yale 16, robo kwa robo, yatamla alama 4. Basi atabaki mikono mitupu, sawasawa na yule aliyeyaacha. Mwezi wa Machi mwaka 2016 sheria hiyo iliondolewa. Majibu yakawa manne, na mwenye kukosa hapunguziwi kitu. Sasa anayebahatisha maswali 20 huokota alama 5 kwa wastani, na aliyeyaacha hana kitu. Mtihani umehamia katika kompyuta, mwaka 2023 kwa nchi za nje na mwaka 2024 kwa Marekani yenyewe, lakini sheria ni ile ile.

Kwa hiyo walimu wa kutayarisha watu kwa mtihani huu (nao ni kazi ya zamani, Stanley Kaplan alianza kuwafundisha watoto wa Brooklyn kwa ajili yake mwaka 1946) hutoa shauri moja kwa wote: usiache swali lo lote bila jibu. Shauri hilo ni la kweli. Sisi wenyewe twalitoa, maana mwalimu anayemficha mwanafunzi wake neno hilo kwa kutaka kumfanya mwema humnyang'anya alama, na faida humwendea mtoto wa mwingine.

Wako wasemao kwamba sheria ya kale ilikuwa bora, kwa kuwa ilimpa mtu nafasi ya kusema "sijui" bila hasara. Maneno yao yana uzito. Katika karatasi ya zamani nafasi tupu ilikuwa na maana yake, na mtahini aliiheshimu. Lakini sheria ile nayo ilikuwa na dhuluma yake. Mtoto mwoga, aliyekwisha kuona kwamba majibu mawili kati ya matano hayawezi kuwa kweli, aliogopa ile robo akaacha swali, hali kwa haki ya hesabu alistahili kujaribu. Tena uchunguzi umeonyesha kwamba pale penye adhabu ya kukosa, wasichana huacha maswali zaidi ya wavulana walio sawa nao kwa ujuzi. Basi sheria iliyodhani inapima elimu ilikuwa inapima ujasiri pia. Hatuwezi kuililia moja kwa moja.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Ili uwongo uwe uwongo, sharti awepo mtu anayekusudiwa kudanganywa. Hapa ni nani? Si mtahini, maana yeye ndiye aliyeiweka sheria, naye ajua wazi kwamba watu watabahatisha. Si chuo, maana chuo chajua mtihani ulivyo. Mchezaji wa bao akificha shabaha yake hatumwiti mwongo, kwa kuwa mwenziwe alipoketi mbele ya bao alikubali jambo hilo. Twasema, basi, kwamba kijana hakumdanganya mtu ye yote aliye nje ya nafsi yake.

Hapo ndipo penye shida. Alama huja ikiwa hesabu moja tu, 1280 au 1410, wala haina rangi mbili, moja ya alilolijua na moja ya alilolibahatisha. Siku ile ya kwanza huikumbuka tofauti hiyo, na ndiyo sababu hucheka. Mwezi ukipita amekwisha kuisahau, na hesabu nzima imekuwa yake. Pia miezi mingi ya mazoezi imemfundisha mkono wake kwamba nafasi tupu ni upumbavu. Sisi tulio madarasani twamwona mwanafunzi wa namna hii: ukimwuliza jambo hujibu kabla hujamaliza swali, kwa sauti ile ile, akiwa anajua au hajui. Ukimwuliza umejuaje, hukutazama kana kwamba umevunja sheria ya mchezo.

Socrates wa Athene, kama Plato alivyoeleza habari zake, alizunguka mjini akiwauliza wakuu, na washairi, na mafundi. Akaona kwamba kila mmoja alidhani anajua mambo asiyoyajua. Yeye akajihesabu kuwa amewazidi kwa jambo hilo moja tu, kwamba hakudhani hivyo. Lakini mtihani wa Socrates haukuwa na majibu manne ya kuchagua, wala haukuwa na saa ukutani.

Labda msomaji atasema, Je, maisha hayatulazimishi kukisia? Yatulazimisha sana. Nahodha hutweka tanga kabla hajawa na hakika ya upepo. Mganga humpa mgonjwa dawa kabla hajajua yote yaliyo mwilini mwake, maana akingoja kujua yote atamzika. Hatuwalaumu. Ila mganga mwaminifu huongeza maneno machache: "Twajaribu dawa hii; usipoona nafuu siku ya tatu, rudi." Maneno hayo ndiyo yanayotenga kukisia na kudanganya, na karatasi ya mtihani haina mahali pa kuyaandika.

Tena habari za mtu aliyeutunga mtihani wenyewe zafaa kusimuliwa hapa. Carl Brigham wa chuo cha Princeton ndiye aliyesimamia SAT ya kwanza, mwaka 1926, ambapo watu kama 8,000 walipewa maswali 315 kuyajibu kwa muda wa saa moja na nusu na kidogo. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1923, alikuwa ametoa kitabu juu ya majaribio ya akili waliyofanyiwa askari wa Marekani, akayapanga mataifa kwa daraja za akili, haya juu na haya chini, bila wasiwasi wo wote. Kitabu hicho kilisomwa na wengi na kuaminiwa. Lakini mwaka 1930 Brigham aliandika waziwazi kwamba kazi yake ile haikuwa na msingi. Alikuwa amejibu asilolijua, kisha akarudi na kulifuta jibu mbele ya watu. Kulifuta huko twakuhesabu kuwa kazi kubwa kuliko mtihani alioutunga.

Kwa wanaojitayarisha, basi, iko desturi moja tunayoipenda, nayo haiwapunguzii alama hata moja. Katika karatasi za mazoezi nyumbani, mwanafunzi hujibu kila swali kama alivyoshauriwa. Ila kando ya kila jibu alilobahatisha hutia nukta ndogo kwa penseli. Kazi ikisha kusahihishwa huhesabu mara mbili: kwanza alama zote, kisha alama zisizo na nukta. Hesabu ya pili ndiyo itakayomwonyesha la kusoma kesho. Wengi hufanya hivyo kwa juma moja na kuacha, kwa kuwa hesabu ya pili ni ndogo daima, nao wamekwisha kuwaandikia wazazi ile ya kwanza.