Kinachosikika Valvu Inapobadilishwa

Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake kathodi iliyopashwa moto hutoa elektroni, anodi huzivuta, na gridi iliyo katikati huamua ni ngapi zipite. John Ambrose Fleming aliunda ya kwanza, isiyo na gridi, mwaka 1904. Lee de Forest aliongeza gridi mwaka 1906, na tangu hapo mawimbi dhaifu ya umeme yakaweza kukuzwa. Transista iliyozaliwa katika maabara za Bell mwaka 1947 iliziondoa valvu kwenye redio karibu zote, lakini amplifaya za hedifoni zinazozitumia zingali zikitengenezwa. Wapenzi wake wana desturi ya kuchomoa valvu iliyokuja na chombo na kuchomeka ya zamani: 6SN7 ya RCA au ya Sylvania, 6N8S ya Kisovieti, ECC83 ya Mullard kutoka Blackburn. Hii, husema, ina sauti yenye joto. Ile ni kavu. Nyingine huzitenganisha ala hadi kila moja ikajulikana ilipo. Swali la kifalsafa ni je, maneno hayo yanaeleza kichupa au yanaeleza msikilizaji?

Tofauti za kimaumbile zipo, wala hazihitaji imani. Kila 6SN7 inatakiwa kukuza takriban mara 20 na hita yake kutumia volti 6.3, lakini nafasi kati ya gridi na kathodi, hali ya utando unaotoa elektroni na saa ambazo valvu imekwisha kutumika havilingani. Hivyo hutofautiana mvumo, nguvu ya ukuzaji, na kiasi cha hamoniki ya pili inayoongezwa kwenye muziki. Valvu nyingine hata hulia zikiguswa kwa kidole. Hata hivyo, saketi inayorudisha sehemu ya mawimbi mwanzoni ili kujisahihisha hupunguza tofauti hizo, kwa hiyo valvu ileile yaweza kugeuza sauti katika amplifaya moja na isibadilishe kitu katika nyingine. Sifa inayodaiwa kuwa ya valvu kumbe ni ya valvu ikiwa mahali fulani.

John Locke, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1689 kuhusu akili ya binadamu, alitenga sifa za msingi, kama umbo na mwendo, na sifa za pili, kama rangi, ladha na sauti. Hizi za pili ni uwezo ulio katika kitu wa kuamsha hisi fulani ndani ya mtu. Kwa kipimo hicho, hakuna joto la sauti ndani ya kioo; ila kusema valvu ina sauti yenye joto kwaweza kuwa kweli, iwapo kinachoamsha hisi hiyo ni valvu yenyewe.

Hapo ndipo penye ugumu. Valvu mpya ikichomekwa, inabidi kusubiri ipate moto, na kumbukumbu ya sauti ya awali hufifia upesi. Ikikuza zaidi kidogo, muziki huwa wa juu zaidi, na sikio huuita bora. Bei na jina la kiwanda navyo huwa vimeshatangulia kusema. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza jinsi jicho linavyokiona kivuli kimesimama ilhali kinatembea, na nyota ikawa ndogo kama dinari. Akili ndiyo inayousuta ushahidi huo. Kisha akauliza, kwa ujasiri unaostahili heshima, kama akili nayo haiwezi kusutwa na hakimu aliye juu yake.

David Hume alitoa jibu lenye matumaini zaidi mwaka 1757, akitumia kisa cha Don Quixote. Waonjaji wawili waliusifu mvinyo, lakini mmoja alisikia ladha ya ngozi, mwingine ya chuma. Walichekwa, mpaka pipa lilipomiminwa ukaonekana ufunguo wenye kamba ya ngozi. Ulimi mwepesi ulikuwa umegundua kilichokuwamo kweli. Kwa valvu, kulimimina pipa ni kusawazisha ukubwa wa sauti, kuficha valvu iliyochomekwa, na kurudia mara nyingi kwa mpangilio wa kubahatisha.

Lakini hata jaribio hilo lisomwe kwa uangalifu. Charles Peirce na Joseph Jastrow, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1884, walilinganisha mizigo iliyokaribiana mno kwa uzito, mpangilio ukiamuliwa kwa karata. Hata pale walipohisi hawana hakika yoyote, walikisia sawa zaidi ya nusu ya mara. Mtu anaweza kutambua asichojua kuwa anakitambua, kama anavyoweza kuwa na hakika ya asichokisikia. Hakika ya msikilizaji, kubwa au ndogo, si ushahidi kuhusu valvu.

Furaha ni jambo jingine. Anayependa valvu kwa sababu ilitengenezwa kwa mikono ya wafanyakazi wa kiwanda kilichokwisha kufungwa anapenda kitu cha kweli, na upendo huo hauhitaji kuthibitishwa na jaribio lolote. Unageuka kuwa dai la kusikia pale tu anapomwambia mwenzake alipe zaidi kwa sababu ya sauti.