Dada Alisimama Mbali: Neno kwa Wazazi Wenye Mtoto Katika Jeshi la Maji

Masomo: Kutoka 2:1-10; 1 Samweli 17:17-18; Isaya 39:1-8

 

Neno la leo linanihusu mimi kwanza. Shemasi anayetaka kuosha vikombe vya wengine, aanze na chake.

Mtoto wangu wa pili aliingia jeshi la maji, lile tunaloliita Force navale. Siku ya kuondoka alipanda baleinière hapa bandarini, akateremka Lomami kwenda Isangi, na kutoka Isangi akafuata mto mkubwa mpaka Kinshasa. Mama yake alimfungia kwanga na samaki wa moshi. Mimi nilimwekea mikono kichwani. Tangu siku hiyo, usiku mto ukivuma, mama yake anaamka.

Jumapili moja asubuhi mtoto alipiga simu. Aliniambia mahali wanapopelekwa, chombo watakachopanda, na siku ya kuondoka. Akasema, "Papa, neno hili ni lako peke yako." Nilimjibu ndiyo. Lakini saa ya ushuhuda na maombi ilipofika, nilisimama mbele ya kanisa, nikataja yote: jina lake, chombo, mahali na siku. Nilifikiri hiyo ndiyo imani. Kanisa liliomba kwa machozi, nami nikarudi kuketi moyo wangu umetulia.

Jioni ile habari ilikuwa sokoni. Siku ya tatu wafanyabiashara wa baiskeli walikuwa nayo katika njia ya Kisangani. Siku ya tano mtu tusiyemjua alimpigia mke wangu simu. Alitaja jina la mtoto, chombo na mahali, vile vile kama nilivyovitaja mimi kanisani. Akasema mtoto ameumia vibaya, na pesa za hospitali zitumwe mara moja kwa simu. Mke wangu aliuza mbuzi wawili, akatuma. Mtoto alikuwa mzima, hakuna kilichompata.

Tulipompata kwa simu nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Papa, chomboni sikuwa peke yangu. Wenzangu nao wana mama zao."

Ndugu zangu, neno hilo lilinipiga kuliko hasara ya mbuzi. Mbuzi huzaa wengine. Lakini kama neno langu lilimfikia mwizi kwa siku tano, ni nani angelizuia lisimfikie mtu mwenye bunduki? Nilikuwa nimewatoa watoto wa watu wengine pamoja na wangu, tena nikiwa katika maombi.

NENO LA KWANZA: DADA YA MUSA

Tazameni Kutoka sura ya 2. Kuna mama mwenye mtoto, na kuna mfalme anayetaka mtoto huyo afe. Mama anamficha miezi mitatu. Aliposhindwa kumficha zaidi, anatengeneza kisafina cha mafunjo, anakipaka lami, anamweka mtoto majini. Nasi watu wa Lomami tunaelewa vizuri: mtoto yuko juu ya maji, na mama yuko nchi kavu.

Sasa mwangalieni dada yake. Alisimama mbali. Hakukimbia kando ya mto akipiga kelele, "Huyu ni ndugu yangu, wa nyumba fulani!" Wala hakurudi nyumbani kulala. Alisimama mahali anapoweza kuona bila kumwonyesha mtoto kwa adui. Na binti Farao alipomkuta mtoto, msichana huyu alisema neno moja tu lililofaa: aliuliza kama aende kutafuta mama wa kumnyonyesha. Hakusema kwamba mama huyo ni mama mzazi. Hakusema uongo, lakini pia hakumwaga yote. Kwa ajili ya ulimi wake uliojua kupima, Musa alinyonya maziwa ya mama yake ndani ya ulinzi wa nyumba ya Farao.

Hilo ndilo fundisho la leo. Upendo unauliza, "Mwanangu ni mzima?" Mahali alipo, siku ya kuondoka, hesabu ya wenzake na silaha zao, upendo unamwachia Mungu. Kusimama mbali si kumtupa mtoto. Ni kumlinda.

NENO LA PILI: YESE

Mzee Yese alikuwa na wana watatu katika vita vya Sauli. Alimtuma Daudi awapelekee bisi na mikate, na jibini kumi kwa mkubwa wa kikosi chao. Akamwagiza ajue hali yao, na arudi na alama ya kwamba wao ni wazima. Basi. Yese hakuuliza mashambulizi yatapita bonde gani. Alituma chakula, akauliza afya, akamkumbuka na mkubwa wao.

Wazazi, tujipime hapa. Mara nyingi simu yetu kwa mtoto askari inaanza na salamu na kuishia na, "Tuma pesa." Tunajua mshahara wa askari ni mdogo, na mara nyingine unachelewa. Tukimsukuma kila juma, tunamsukuma afanye nini? Auze mafuta ya chombo? Asimamishe mitumbwi ya wamama wa soko na kuwadai? Mzazi wa namna hiyo anamtia mtoto katika dhambi, na huku anasema anampenda. Yese alituma mikate kwenda vitani. Sisi tunatoa mikate vitani kuileta nyumbani.

NENO LA TATU: HEZEKIA

Hezekia alikuwa mfalme mwema. Aliugua, Mungu akamponya. Wakaja wageni kutoka Babeli na barua na zawadi, kumpa pole ya ugonjwa. Alifurahi, akawaonyesha fedha, dhahabu, na nyumba yote ya silaha. Walipoondoka, nabii Isaya alimwuliza wameona nini. Akajibu kwamba hakuna kitu ambacho hakuwaonyesha. Ndipo nabii akamwambia kwamba vyote vitachukuliwa Babeli, hata baadhi ya wanawe.

Wageni wale hawakuja na mikuki. Walikuja na pole na tabasamu. Hata leo anayetafuta habari za mtoto wako hatakuja amevaa nguo za vita. Atakuja kama mchuuzi wa chumvi, kama msichana mzuri katika Facebook, kama mtu anayejiita rafiki wa mtoto wako. Atakusifu kwanza. Sifa ndiyo iliyofungua mlango wa Hezekia, na ndiyo iliyofungua kinywa changu: nilitaka watu wajue kwamba mtoto wa shemasi amekuwa mtu mkubwa.

WAZEE WETU WALIJUA

Lokole ya ndugu zetu Walokele ilipeleka habari kutoka kijiji hata kijiji kando ya mto. Ilikuwa chombo kizuri, lakini haikuchagua masikio: rafiki alisikia, adui alisikia. Simu ya leo ni lokole. Ukiweka picha ya mtoto mbele ya chombo chake katika WhatsApp ya ukoo, umepiga lokole.

Na sisi Wambole, wazee wetu katika lilwa walihesabu kutoa siri kuwa kosa la kufa. Aliyehukumiwa alinyongwa, na sanamu za miti zilizochongwa kuwakumbuka walionyongwa ziko leo katika nyumba za makumbusho huko Ulaya. Kristo ametutoa katika hukumu ile, hatuirudii. Lakini wazee hawakukosa katika jambo moja: kuna neno ambalo likitoka kinywani, mtu anakufa. Hata sheria ya serikali ya leo, ile ya jeshi ya 18 Novemba 2002, inaadhibu kutoa siri ya ulinzi.

KANISA LETU LILIZALIWA NA KULINDWA KATIKA KIMYA

Tusisahau tulikotoka. Tarehe 6 Aprili 1921 Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya Mungu pale Nkamba. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Wabelgiji walikwenda kumkamata, akawaponyoka. Mpaka Septemba aliendelea kuhubiri kwa kujificha. Watu wengi walijua alipo. Kila mmoja angeweza kusema neno moja tu, na mambo yangekwisha. Mwishoni alijitoa mwenyewe. Alihukumiwa kufa tarehe 3 Oktoba 1921, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951.

Katika miaka hiyo Mama Marie Mwilu alishika kazi kwa siri. Waaminifu walifukuzwa makwao, wengine wakaletwa mpaka Lowa, kando ya Lualaba, huku kwetu juu ya Ubundu. Waliomba usiku kwa sauti ya chini. Serikali ilikubali kanisa letu tarehe 24 Desemba 1959 tu. Miaka thelathini na nane! Kama wamama wale wangekuwa na ulimi kama wangu wa Jumapili ile, tungekuwa wapi leo?

Wala vita si hadithi kwetu. Kisangani inakumbuka siku sita, kutoka 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa mizinga katikati ya raia. Mwaka 2025 tuliona Goma ikianguka mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari. Miji yote miwili iko kando ya ziwa Kivu. Vijana wa maji wana kazi katika maziwa na mito yetu, siyo Banana baharini tu.

TUFANYE NINI BASI?

1. Tuombe kwa jina, tusiombe kwa mahali. Mbele ya kanisa yatosha kusema, "Mwombeeni mwanangu, yuko katika kazi ya nchi." Yesu alifundisha kwamba Baba anajua haja zetu kabla hatujamwomba (Matayo 6:8). Mungu haulizi anwani.

2. Tusiwaendee waonaji usiku kuwauliza mtoto yuko wapi. Na mtumishi aliyepewa maono juu ya askari, ayageuze kuwa maombi, asiyageuze kuwa tangazo.

3. Mtoto akipiga simu, mwulize: Umekula? Umelala? Unaomba? Akianza kusema mambo ya kazi, mwambie, "Mwanangu, hilo liache huko." Akinyamaza majuma mengi, usizunguke ukiuliza kila askari unayemkuta bandarini.

4. Tupatane naye neno moja la nyumbani ambalo mgeni halijui. Mtu akipiga simu kudai pesa kwa jina lake, umwulize neno hilo kwanza. Sisi tulijifunza hili baada ya mbuzi wawili.

5. Tumtunze mke wake na watoto wake. Kulipa masomo ya mtoto wa askari, kumlimia mama yake shamba, hiyo ni ulinzi wa taifa pia. Upendo, Amri na Kazi: tumezoea kuyataja matatu haya, basi na yaonekane.

6. Mama mwenye mzigo asiubebe peke yake. Achague mzee mmoja mwenye kifua, amlilie huyo. Kunyamaza mbele ya wengi hakukatazi kulia mbele ya mmoja.

Lakini nawaonya jambo moja. Siri ya kazi si pazia la uovu. Kama mtoto anakuambia kwamba anaiba, anapiga raia, au anaharibu binti za watu, usiseme, "Ni siri ya jeshi." Hiyo ni dhambi. Mkemee, mpeleke kwenye toba, na palipo na haki iitwe haki. Dada ya Musa alificha mtoto asiye na kosa. Hakuficha mwuaji.

MWISHO

Jumapili iliyofuata nilisimama tena mahali pale pale. Niliwaomba ndugu msamaha, nikawaomba wasirudie habari niliyowapa. Mama mmoja mzee, ambaye naye ana mjukuu askari, alikuja baadaye akanishika mkono. Aliniambia kwamba yeye humwombea mjukuu wake kila siku alfajiri kando ya maji, bila kutaja kitu, na kwamba mto unajua kunyamaza. Niliona haya, kwa maana mama huyo hakusoma, nami nimemaliza sekondari.

Tuombe. Bwana Mungu, uliyemwona Musa katika kisafina kabla binti Farao hajamwona, waone watoto wetu walio juu ya maji usiku huu. Wewe unajua chombo chao, unajua siku yao. Wape kula, wape usingizi, wape mikono safi. Sisi tulio nchi kavu, utuwekee mlinzi mlangoni mwa vinywa vyetu. Na siku watakapopanda tena Lomami kurudi nyumbani, utukute bado tumesimama. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Ni mimi shemasi wenu, Opala.