Masharti ya Stokingi

Jumapili ya tarehe 1 Aprili 1962, Waswidi wenye runinga waliambiwa kwamba picha zao nyeusi na nyeupe zingeweza kugeuka za rangi usiku uleule, bila kununua chochote. Aliyewaambia hakuwa mchekeshaji. Alikuwa Kjell Stensson, mtaalamu wa ufundi wa kituo chenyewe, mtu aliyezoeleka kwa kuwaeleza watu mambo magumu kwa lugha nyepesi. Na kituo kilikuwa kimoja nchi nzima. Ukiwasha runinga unamwona Stensson, na jirani yako akiwasha yake anamwona Stensson.

Akakaa studio, mitambo imemzunguka, uso mkavu, akaanza na sayansi. Mwanga ukipita kwenye matundu madogo sana, alisema, hupinda na kujigawa. Watafiti sasa wamegundua kwamba ukiweka wavu wenye matundu ya saizi inayofaa mbele ya kioo, mwanga wa picha unajipanga upya na rangi zinajitokeza. Bahati njema wavu huo umo katika kila nyumba: stokingi ya nailoni. Akaonyesha namna ya kufanya. Unaipasua, unaitandaza juu ya kioo, unaibandika pembeni.

Kisha yakaja masharti. Ukae umbali unaotakiwa, si karibu mno wala mbali mno. Na ukiona rangi hazijatulia, sogeza kichwa taratibu mbele na nyuma mpaka zikae sawa.

Inasemekana maelfu walijaribu. Mpaka leo wapo Waswidi wanaokumbuka baba zao wakipekua makabati ya nguo kutafuta stokingi. Mimi huwaza zaidi upande wa mama mwenye nyumba: mume hajawahi kugusa kabati lile tangu harusi, leo kaingia kichwa kizima, anatoka na stokingi ya kwenda nayo kanisani na mkasi mkononi, na ukimuuliza anakujibu kwamba ni sayansi. Baada ya hapo familia nzima imekaa sebuleni, wakubwa kwa wadogo, wanatikisa vichwa mbele na nyuma kama watu waliokubaliana jambo. Na katika kila nyumba ya namna hiyo, nina hakika, alikuwepo mmoja aliyesema: “Naona kijani kidogo pale.”

Ni rahisi kuwacheka, na tucheke, lakini tusijione wajanja haraka. Uongo ule ulijengwa juu ya kitu cha kweli. Usiku fungua mwavuli, utazame taa ya mbali kupitia kitambaa chake. Utaona vidoa vya mwanga vimejipanga mfano wa msalaba, na kandokando yake vina rangi za upinde wa mvua. Mwanga ukipita kwenye nyuzi zilizosukwa karibu karibu hupinda kweli na kujigawa kweli. Stensson hakudanganya hapo. Alidanganya hatua moja mbele.

Hatua hiyo ni hii. Kamera ya wakati ule ilipima jambo moja tu, ukali wa mwanga. Khanga nyekundu na khanga ya kijani zikiwa na mng’ao mmoja, zote zilifika nyumbani zikiwa kijivu kilekile. Habari ya rangi haikupotea njiani ikisubiri kuokolewa, haikutumwa kabisa. Hata uchuje maji kwa kitambaa laini namna gani, hayatoki maziwa. Aliyetaka kumkamata Stensson hakuhitaji shahada ya fizikia. Ilimtosha kuuliza: rangi hiyo ilikuwa wapi kabla ya stokingi? Au, kwa njia fupi zaidi, atazame kalenda ukutani. Siku ya Wajinga Uswidi wanaijua sana.

Lakini nani huuliza wakati mkasi uko mkononi? Ninavyoona mimi, kilichowanasa si sayansi wala sura ya mtaalamu. Ni masharti. Mtu akikwambia “weka stokingi utaona rangi”, ukaiweka usione, umeshamjua kuwa mwongo kwa dakika moja. Akikwambia ukae umbali unaotakiwa na kichwa ukisogeze inavyotakiwa, halafu usione, unaanza kujikagua mwenyewe. Labda nimesogea sana. Labda stokingi hii nzito. Labda macho yangu. Uongo umeshindwa kazi, na aliyedanganywa ndiye anayeomba radhi.

Sisi tunaujua mchezo huu kuliko Waswidi. Dawa ya mganga ikikataa, si dawa: umevunja masharti, uligeuka nyuma njiani, ulikula ulichokatazwa. Siku hizi masharti yanakuja kwa simu. Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, umeshapita mikono isiyohesabika: chemsha majani fulani, kunywa kabla jua halijachomoza, usichanganye na kitu, na uwe na imani. Shangazi anaongeza chini yake, “Hii nimeijaribu, inafanya kazi.” Usipopona, uliamka umechelewa. Kwa wale wa kuzalisha pesa ni hivyohivyo: fedha zikiyeyuka, ulitoa mapema, au uliweka kidogo, au hukuleta watu wa kutosha chini yako. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu wa aina hii, kabla ya kwenda kabatini, si kama ana elimu au cheo. Muulize: isipofanya kazi, atalaumiwa nani? Akikutajia wewe, funga kabati.

Kuna ushahidi mwingine kutoka Uingereza. Mwaka 1965, Siku ya Wajinga vilevile, BBC ilimleta mtu aliyetambulishwa kama profesa, mwenye mtambo wa kurusha harufu kwa runinga. Akakata vitunguu, akatengeneza kahawa. Watazamaji wakapiga simu kusema harufu imewafikia vizuri. Sina la kuongeza hapo.

Uswidi wenyewe, matangazo ya kawaida ya rangi yalianza 1970, na waliochagua tarehe walichagua 1 Aprili. Visiwani hapa jirani, Zanzibar ilianzisha televisheni yake 1973 ikiwa ya rangi tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyetakiwa kuvua kitu. Sisi wa Bara tulikuwa bado na redio.

Lakini kabla hatujawaacha Waswidi na aibu yao, haki itendeke. Miaka mitano baada ya stokingi waliambiwa jambo la ajabu zaidi. Nchi ilikuwa ikiendesha magari kushoto, kama sisi. Katika kura ya maoni ya 1955, asilimia 83 hivi walikataa kuhama. Mwaka 1963 bunge likaamua wahame hata hivyo. Basi Jumapili tarehe 3 Septemba 1967, saa 10:50 alfajiri, kila gari lililokuwa barabarani lilisimama, likavuka taratibu kwenda upande wa kulia, likasimama tena likisubiri. Saa 11:00 kamili, twende. Jumatatu yake ziliripotiwa ajali 125, wakati Jumatatu za kabla yake zilikuwa kati ya 130 na 198, na hakuna aliyekufa.

Watu walewale, runinga ileile, utiifu uleule. Mtu asiyeamini kabisa asingeharibu stokingi, lakini Jumatatu ile angekuwa upande wa kushoto peke yake, anapiga honi. Tofauti ni kwamba safari hii serikali ilitaja tarehe na saa, ikajiwekea jina lake juu ya jambo lenyewe. Mambo yangeharibika, wa kulaumiwa alijulikana anakaa ofisi gani. Na walitangaza kwa miaka. Alama ya siku ile, herufi H yenye mshale, ilibandikwa kila mahali, mpaka kwenye pakiti za maziwa. Ikachapwa na kwenye nguo za ndani pia. Nadhani kufikia hapo serikali ilikuwa imeshajifunza kwa Stensson kwamba Mswidi, ukitaka akusikilize vizuri, ni lazima upitie kabati la nguo.