Mikono Iliyombeba Mwanangu

Mlima wa Bugando unaonekana kutoka mitaa mingi ya Mwanza, na hospitali iliyofunguliwa juu yake mwaka 1971 imewatamanisha unesi mabinti wengi wa Kanda ya Ziwa. Nami nilitamani. Ila nilianza chuo nikiwa na watoto wawili: mkubwa ana miaka 4, mdogo bado ananyonya.

Saa kumi alfajiri nilikamua maziwa kwenye kikombe chenye mfuniko, kisha nikashuka kwenye mawe ya Mabatini kuwahi daladala. Darasani tulifundishwa kuwa mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya, pamoja na vyakula vingine, hadi miaka 2 au zaidi. Wodini niliwaeleza akina mama hayo hayo huku kifua kimejaa na sare inalowa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mama mfanyakazi likizo ya siku 84, siku 100 akizaa mapacha, na baada ya hapo muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Mwanafunzi si mfanyakazi. Zamu ya usiku anaingia, lakini siku hizo 84 hazimhusu. Hilo naliona pengo, na wenye vyuo wanaweza kuliziba.

Hata hivyo, silo linalonirudia ninapokaa peke yangu.

Nilipovaa joho, majirani walinipongeza: "Hongera mama, umeyaweza yote." Sikuyaweza. Nyumbani alikuwepo binti wa kazi wa miaka 15 kutoka Ukerewe, aliyeishia darasa la saba. Wanangu walimwita dada, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyemnywesha mdogo yale maziwa kwa kijiko, akaanika nepi juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akamchemshia mkubwa uji. Homa ya kwanza ya mwanangu yeye ndiye aliyeigundua, mimi nikiwa wodini napima homa za watoto wa wenzangu.

Usiku mmoja nilikuwa nasoma, kitabu kimefunguka kwenye mchoro wa moyo. Akasimama nyuma yangu, mtoto mgongoni, akauliza taratibu: "Mama, damu inaingilia wapi hapo?" Nikamjibu: "Kalale, kesho unaamka mapema."

Lilikuwa swali zuri. Dakika tano zingetosha kulijibu.

Sheria ile ile ya ajira inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14; yeye alikuwa ameuvuka umri huo, na mshahara wake sikuuchelewesha. Lakini kwa miaka 3 niliyosoma mimi, yeye hakusoma hata ukurasa mmoja. Angeweza kusoma jioni kwa ajili ya QT, yaani mtihani wa maarifa, kama wanavyofanya wengi walioikosa sekondari. Sikumwambia, kwa sababu jioni zake nilizihitaji. Nilitoka na cheti. Yeye alitoka na begi moja na nauli ya meli ya Nansio.

Tunasema unesi ni moyo wa huruma. Basi huruma hiyo ingeanzia jikoni kwangu, kwa aliyeniwezesha kuupanda ule mlima.

Wewe unayesoma sasa huku mtoto wako akiwa mikononi mwa dada, mwandikishe dada huyo masomo ya QT mwezi huu. Jioni mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, na jioni hizo mtoto mbebe wewe.