Kutii, Kukubali na Kustahimili: Swali la Crito na Sauti ya Dhiki

Swali la iwapo raia anawajibika kuitii sheria anayoiona kuwa dhalimu ni kongwe, na aghalabu wanafalsafa huanzia Athens, mwaka 399 K.K. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Crito, Socrates amekwisha kuhukumiwa kifo, na rafiki yake amekuja gerezani kabla ya mapambazuko kumrai atoroke. Socrates anakataa. Anazipa Sheria za mji sauti, nazo zinamkumbusha kwamba ndizo zilizomlea, na kwamba Mwathene yeyote asiyeridhika nazo alikuwa huru kuchukua mali yake na kuhamia kwingine. Aliyebaki, basi, amekubali.

David Hume aliipinga hoja ya namna hii mwaka 1748: mtu aliyepakiwa jahazini akiwa usingizini hawezi kusemwa kuwa ameridhia mamlaka ya nahodha eti kwa kuwa hajajitosa baharini. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, fikra ya Socrates imedumu kwa sura nyingine. Martin Luther King, katika barua yake ya mwaka 1963 kutoka jela ya Birmingham, anashikilia kuwa anayevunja sheria dhalimu hana budi kufanya hivyo waziwazi, na awe tayari kuipokea adhabu yake. Uwazi na kukubali adhabu ndivyo vinavyomtenga mpinzani mwadilifu na mhalifu wa kawaida.

Je, kipimo hiki kinamfaa Abdilatif Abdalla? Mshairi huyu wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi Kenya: Twendapi?, kilichoikosoa serikali ya KANU. Tungo zilizokuja kuchapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki alizitunga gerezani kwa siri. Kwa kipimo cha King, siri hiyo ni doa. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Socrates alijitetea mbele ya mamia ya wananchi wenzake, na King alikuwa na magazeti ya kuibeba barua yake. Uwazi unadai kuwapo kwa hadhira. Mfungwa aliyenyimwa hata karatasi hawezi kulaumiwa kwa kutosema hadharani, kwani hadhara yenyewe ndiyo aliyopokonywa.

Kuhusu kukubali adhabu, Kiswahili kinatoa msaada ambao wahakiki hawajautumia vya kutosha. Kutii, kukubali na kustahimili si kitu kimoja. Anayetii hutenda aliloamrishwa. Anayekubali huungama kuwa aliyeamrisha ana haki. Anayestahimili haungami lolote. Socrates anakubali. Katika “Siwati”, shairi ambalo jina lake ni kauli ya Kimvita yenye maana ya “siachi”, Abdilatif hasemi kwamba mahakama ilikuwa na haki, wala hasemi kwamba atakwepa kifungo. Msimamo ndio asiouacha. Msomaji anayeuona ustahimilivu huo kuwa ni unyenyekevu mbele ya sheria anachanganya mambo mawili, na ni kosa lililozoeleka kupita kiasi katika usomaji wa fasihi ya kifungoni.

Baada ya kuachiliwa mwaka 1972, mshairi alihamia Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili jijini Dar es Salaam. Wapo wanaoweza kuliona hilo kuwa ni kuikimbia nchi. Ajabu ni kwamba, kwa hoja ya Sheria zenyewe katika Crito, hapana lawama hapo: kifungo alikimaliza, na mlango wa kuondoka ndio hasa unaotajwa kuwa haki ya asiyeridhika. Ikiwa kubaki ni kukubali, kuondoka nako hakuna budi kuhesabiwa kuwa ni jibu.

Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo hii ni ya wachapishaji, si ya dola, ingawa ina jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Kwa hiyo haiwezi kusomwa kuwa ni toba ya serikali. Socrates, alipotakiwa apendekeze adhabu yake, alisema anachostahili ni kulishwa kwa gharama ya mji, kama washindi wa Olimpiki. Waamuzi walimhukumu kifo. Abdilatif alipewa vyote viwili, kifungo kwanza na heshima baadaye, na heshima hiyo haikuifuta hukumu.