Wekundu ni wa Nani?

Kiswahili kimechukua upande katika ubishi wa rangi. Ukiondoa weupe, weusi na wekundu, rangi nyingi tumezitaja kwa vitu: kijani cha majani, kijivu cha majivu, kahawia ya kahawa, zambarau na chungwa za matunda. Anayesema hivi ameshaamua kwamba rangi ni mali ya kitu. Galileo, mwaka 1623, alidai kinyume: mwondoe kiumbe mwenye hisi, na rangi imekwisha. Naona wote wawili wamekosea, na shahidi wangu ni kuku. Jicho la binadamu lina aina 3 za seli zinazopambanua rangi. La kuku lina 4, na ile ya nne hupokea hata sehemu ya mionzi ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni kabisa. Juu ya hayo, ndani ya seli hizo mna vitone vya mafuta, vingi vyake vyenye rangi, vinavyochuja mwanga kabla haujapokewa. Manyoya mawili tunayoyaita meupe sawasawa yanaweza kuwa tofauti kwake. Basi nani mwenye rangi ya kweli?

Mtu atadakia: kama kila jicho lina yake, rangi ni njozi tu. Hapana. Wafugaji wanajua kuku mwenye kidonda hudonolewa na wenzake pale penye damu, wakati mwingine hadi kufa. Ndiyo maana wengine hufunga taa nyekundu bandani. Chini ya taa hiyo damu haijitokezi tena kwenye manyoya, na udonoaji hupungua. Damu ni ileile, jicho ni lilelile, kilichobadilika ni mwanga. Njozi haizimwi kwa kubadilisha balbu. Rangi, kwa hiyo, ni uhusiano wa watatu, yaani kitu, mwanga na jicho, na uhusiano ni jambo la kweli kama vile udugu ulivyo kweli ingawa huwezi kumpasua mtu mmoja ukaukuta ndani yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuku haoni, anashtuka tu, kama mtego unavyofyatuka. Hapa namtegemea Wolfgang Köhler, aliyefanya majaribio kisiwani Tenerife wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliwazoesha kuku kula kwenye karatasi moja kati ya mbili za kijivu, ama iliyokolea zaidi ama iliyofifia zaidi, kisha akaiweka ile waliyoizoea kando ya mpya iliyoizidi kwa namna ileile. Mara nyingi walikwenda kwenye mpya. Mtego haulinganishi. Ni kweli kijivu si wekundu, na jaribio hilo halisemi wekundu una ladha gani kichwani mwa kuku. Hilo nalikubali bila kinyongo, maana hata wa jirani yangu siujui. Lakini kutojua ladha ya chakula cha mwenzako si ushahidi kwamba hali.

Wapo wafugaji wanaopaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Rangi hiyo huchaguliwa dukani kwa macho ya mtu, nayo hutazamwa na mwewe, na mama wa vifaranga, na vifaranga wenyewe. Ukitaka kujua imekuwa rangi gani, usimuulize muuzaji peke yake.