Upole Hufunzwa kwa Mikono

Imekuwa ada katika miji yetu ya pwani kwamba mtoto wa kiume akishabaleghe huwa kama mgeni katika nyumba ya mama yake. Huandaliwa akala, hufuliwa akavaa, na dada yake ndiye abebaye mtoto mchanga na kuuguza wagonjwa. Kisha kijana huyo akiwa mkali, mwenye kiburi, asiyemhurumia mtu, twasema: "Ndivyo walivyo wavulana, ni damu yao." Je, ukali huo ni maumbile, au ni sisi tulioufuga?

Iko khabari ya kutufaa kutoka bara ya Kenya. Kusini ya Kisumu, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, uko mji wa Oyugis, si mbali na Kendu Bay ambako Waislamu wamekaa tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa Kimarekani, Bibi Carol R. Ember, alikaa upande huo miongoni mwa Wajaluo akichunguza tabia za watoto na vijana, wa miaka minane hivi hata kumi na sita. Matokeo aliyatangaza mwaka 1973.

Kwa desturi ya Wajaluo, kuteka maji, kupika na kulea wadogo ni kazi za wasichana. Lakini mahali pale wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Basi mama aliyekosa binti wa umri wa kumsaidia alimpa mwanawe kazi hizo. Bibi Ember akawatazama wavulana hao katika saa ambazo hawakuwa kazini, akawalinganisha na wenzao. Akaona kuwa waliozoea kazi nyingi za ndani ya nyumba walikuwa na ugomvi mdogo, na wepesi zaidi wa kuwafaa wengine.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Sababu kubwa iliyowaingiza jikoni ni kukosa dada, wala si kuwa walikuwa wapole tangu mwanzo. Kijiji kimoja hakitoshi kuhukumia ulimwengu mzima, lakini chatosha kututia shaka katika hoja yetu ya damu.

Na jambo hili si geni kwetu. Imam Al-Ghazali katika Ihyaa amefunza kuwa tabia hubadilika kwa mazoezi: asiye karimu na atoe kwa kujilazimisha, mpaka kutoa kuwe ni tabia yake; kwani vitendo vya viungo huacha athari moyoni. Ikiwa ndivyo, tutarajieje huruma kwa kijana ambaye mikono yake haijapata kumpa mgonjwa maji? Mawaidha huingia masikioni. Huruma yataka kutendwa.

Yuko atakayesema: "Kazi hizo zitamwondolea uanaume wake." Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akaeleza kwamba alikuwa katika utumishi wa watu wake, na Sala ikifika hutoka kwenda kusali. Khabari hii imo katika Sahihi Bukhari. Ni nani basi awezaye kudai uanaume uliopita ule wa Mtume?

Tena twahofia kwamba kijana asiyejua kuuguza mwenziwe hajui pia kuuguzwa. Huzuni ikimfika huificha kama aibu, na iliyofichwa hugeuka ghadhabu, ikawaangukia mama, dada, na kesho mke.

Basi, enyi wazazi, msiwape wana wenu kazi hizi kama adhabu, kwani adhabu hufunza kuchukia. Wapeni kama amana: mdogo wa kuoshwa, mgonjwa wa kupelekewa uji, nyumba ya kufagiwa kabla ya kwenda chuoni. Na baba atangulie, ili mwana aone kabla ya kuamrishwa.

Mwenyezi Mungu atulainishie nyoyo zetu na za watoto wetu. Amin.